Saa Kumi Jioni, Ukumbi wa Nyuma

Kazi ya kupanga ratiba ya vipindi iliniangukia kwa sababu nilikuwa mgeni kuliko wote katika idara, na kwa sababu siku ya kikao nilichelewa. Nilipoingia, wenzangu waliinamia simu zao, na mkuu wa idara akanionyesha kiti kwa kidevu. Nikajua kuna jambo limeshaamuliwa.

"Wewe ndiye unayewafundisha vijana namna ya kuipa kompyuta masharti ikapanga mambo yenyewe," aliniambia. "Basi tupangie ratiba."

Mkuu wetu alikuwa mama wa makamo, mrefu, asiyepandisha sauti. Mtu akimbishia alinyamaza tu na kumtazama, mpaka yule mtu anaanza kujisahihisha mwenyewe. Sikubisha.

Tawi letu la chuo lilikuwa dogo, pembeni mwa mji wa Kilosa. Idara ya sayansi ya kompyuta ilikuwa na walimu wachache, maabara moja ya kompyuta, na kumbi mbili za mihadhara tulizokuwa tukigombania na watu wa idara ya elimu. Ukumbi wa mbele ulitazama mashariki na ulikuwa na madirisha mapana. Ule wa nyuma ulijengwa ukapakana na bohari, madirisha yake madogo yakawekwa juu karibu na dari, na ilipofika jioni mwanga uliobaki mle ulikuwa wa taa tu. Na taa zenyewe zilitegemea umeme, na umeme wa masika kila mtu anaujua.

Nilidhani itakuwa kazi nyepesi. Niliandika programu, nikaingiza masomo, walimu, vyumba, na masharti. Mwalimu mmoja asiwe vyumba viwili kwa wakati mmoja. Mwaka wa tatu wasiwe na masomo mawili ya lazima kwa saa ileile. Ijumaa adhuhuri pabaki wazi kwa ajili ya swala. Jenereta lisiwashwe kwa ajili ya kipindi kimoja. Halafu nikazunguka kuwauliza walimu maombi yao, na mkuu akaniwekea sharti lake juu ya yote: anayetaka saa fulani atoe sababu.

Mwenzetu mmoja, dada aliyekuwa ametoka likizo ya uzazi, alitaka amalize vipindi vyake kabla ya saa nane mchana. Sababu yake ilikuwa nyumbani na ilikuwa bado inanyonya. Alikuwa anafundisha mwaka wa kwanza, na mwaka ule walikuwa wengi mno. Hawakuweza kuenea popote isipokuwa ukumbi wa mbele.

Wa mwisho kumwendea alikuwa Mwalimu. Sote tulikuwa walimu, wengine madaktari wa falsafa, lakini pale chuoni ukisema "Mwalimu" bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yeye. Alikuwa amenifundisha hisabati sekondari, miaka ambayo mimi nilikuwa navaa kaptura na yeye alikuwa anaandika ubao mzima kwa chaki bila kutazama karatasi. Baadaye, watoto wake wakiwa wakubwa, alirudi shule akasomea kompyuta pamoja na watu wa umri wa wanawe. Sasa alifundisha algorithimu kwa mwaka wa tatu, yaani jinsi ya kulivunja tatizo hatua kwa hatua mpaka mashine iweze kulitatua. Lilikuwa somo la lazima. Asiyelipita hahitimu, na hapakuwa na mwingine pale aliyewahi kulifundisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na ratiba yako."

"Nimekuja kusikia maombi yako."

"Asubuhi. Ukumbi wa mbele."

"Na sababu?"

Alikuwa ameketi dirishani, karatasi ameishika karibu na pua. Hakuigeuza shingo. "Andika asubuhi," alisema. "Ukumbi wa mbele."

Niliandika. Programu ikakataa. Niliijaribu tena usiku na mchana, na kila mara ilinijibu kwamba hakuna ratiba inayotimiza masharti yote. Nikamwendea mkuu.

"Ondoa sharti lisilo na sababu," alisema.

Nikaliondoa la Mwalimu. Kufumba na kufumbua ratiba ikakamilika, safi, kila kitu mahali pake. Yeye alikuwa ameangukia Jumatatu na Jumatano, saa kumi jioni, ukumbi wa nyuma. Mkuu alitia sahihi, ikabandikwa.

Alikuja ofisini kwangu siku ileile. Alisimama mlangoni.

"Nimesikia umenipeleka jioni."

"Si mimi, Mwalimu. Ni programu imepanga."

"Hiyo programu ameiandika nani?"

Nikageukia kompyuta yangu. Akasema, "Sitaweza," akageuka kwa haraka na kupiga bega lake kwenye fremu ya mlango. Nilisikia kishindo. Nikadhani ni hasira.

Mkuu naye alidhani hivyo nilipompa taarifa. "Ana kiburi yule mzee," alisema, na ndipo nikasikia jambo ambalo kumbe lilikuwa limemkaa moyoni. Kwenye mahafali yaliyopita alikuwa amemfuata Mwalimu kumwamkia. Alimwendea kutoka ubavuni, akampa shikamoo na kunyoosha mkono. Mwalimu akaitikia marahaba huku akitazama mbele, akaendelea na safari yake, mkono wa mkuu ukabaki hewani mbele ya wageni. "Mimi simdai heshima," aliniambia. "Lakini kipindi atafundisha. Akikosa kimoja nitamwonya, akikosa cha pili namwandikia barua."

Muhula ulianza na mvua. Jumatatu ya kwanza wingu lilishuka milimani tangu mchana, na ilipokaribia saa kumi umeme ukakatika. Nilikuwa maabara nikihangaika na kompyuta zilizozimika ghafla, mara mwakilishi wa mwaka wa tatu akaja, binti kutoka familia ya wafugaji wa kule mbugani, mtu asiyependa maneno mengi.

"Samahani, Mwalimu ametuambia tuondoke."

"Amefundisha?"

"Ameingia, amesimama mbele. Amekaa kimya muda mrefu. Halafu amesema, nisameheni, nendeni." Alisita. "Sisi tutamaliza kweli mwaka huu?"

Nilimwambia watamaliza. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika ambao sikuwa nao. Jumatano Mwalimu hakuja kabisa. Mkuu alisikia habari hizo kabla yangu. Alimwita msaidizi wake, akamwagiza rasimu ya barua, kisha akaitisha kikao cha idara wiki iliyofuata, siku ya Jumatano.

Mwisho wa wiki hiyo nilikuwa na msiba Ruaha. Mjomba wa mke wangu. Jumapili jioni nilipanda basi hadi Mikumi, pale unaposhuka ili upate gari la Kilosa. Jua lilikuwa limezama nyuma ya mawingu. Malori ya masafa marefu yalikuwa yanapita mfululizo, mengine yameshawasha taa, na vumbi na moshi vilining'inia juu ya lami. Nilikuwa nimesimama upande wa vibanda nilipomwona Mwalimu ng'ambo ya barabara. Nyumba yake iko Ruhembe, kwenye miwa. Siku za kazi alikuwa amepanga chumba Mabwerebwere, si mbali na kwangu. Alikuwa na begi dogo mkononi. Nilimpungia. Alikuwa ametazama upande wangu kabisa, lakini hakupunga.

Nikasema moyoni, bado ana hasira na mimi.

Akaingia barabarani.

Hakutazama kulia wala kushoto. Alitembea kama mtu anayevuka sebule ya nyumbani kwake. Kutoka upande wa Iringa lilikuwa linashuka lori lenye tela, na niliona wazi kwamba dereva hatawahi kusimama na Mwalimu hatawahi kumaliza.

"Mwalimu!" Nilipiga kelele mpaka koo likauma. "Mwalimu, simama!"

Alisimama katikati ya barabara. Aligeuza kichwa kutafuta sauti, akakigeuza upande ambao sikuwepo. Honi ililia, breki zikalia, na lile lori likampita mbele ya kifua, karibu kiasi kwamba koti lake lilipeperuka na begi likamtoka mkononi. Nilikimbia. Nilimshika kiwiko kwa nguvu ambayo singethubutu kumshika nayo siku nyingine yoyote, nikamvuta hadi pembeni.

Dereva alikuwa amesimamisha lori mbele kidogo. Alitoa kichwa dirishani, akatukana, akamalizia, "Mzee, huoni?"

Mwalimu alikuwa anahema. "Sioni," alisema, kwa sauti ndogo, kama vile anajibu swali la kawaida.

Nilimwingiza kwenye mgahawa wa karibu. Mama wa pale alituletea chai bila kutuuliza. Nilimwona Mwalimu akikitafuta kikombe kwa ncha za vidole, akianzia ukingo wa meza, taratibu, kwa ustadi wa mtu aliyezoea. Nilijiuliza ni mara ngapi nimekaa naye meza moja bila kuliona hilo.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Ilianza pembeni. Nikawa nagonga vitu. Nikasema ni uzee. Sasa ni kama naangalia kwenye bomba la maji. Kilicho ndani ya bomba nakiona, pembeni hakuna kitu. Na mwanga ukipungua, bomba linaziba."

"Kwa hiyo asubuhi..."

"Asubuhi jua likiingia kwa yale madirisha, ubao nauona. Watoto wa mstari wa mbele nawaona nyuso. Inanitosha." Alikunywa chai. "Ile Jumatatu niliingia gizani. Nilikuwa nawasikia, viti, vikohozi, sikumwona hata mmoja. Nikahofia nikitembea nitaanguka mbele yao."

"Umekwenda hospitali ya macho?"

"Nilipewa miwani."

"Na nani?"

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. Akasema, "Naogopa watakachoniambia. Nikienda nikaambiwa, itabidi nikijue."

Kisha akaniomba nisimwambie mtu. Mkataba wake wa baada ya kustaafu ulikuwa unaisha mwaka uleule, na alitaka kulimaliza lile darasa lililoko mbele yake. Habari zikitoka, alisema, watamwondoa kwa upole, watamshukuru, watampa zawadi ya saa ya ukutani, na wale vijana watabaki bila somo.

"Nimesikia, Mwalimu," nilisema.

"Sikukuuliza kama umesikia."

Alikuwa amenielekezea uso, na lile bomba lake, sijui namna gani, lilikuwa limenipata sawasawa. Nikasema, "Sitasema."

Jumatatu na Jumanne zilikuwa siku ngumu. Nilifunga mlango wa ofisi nikairudia ratiba kwa mkono, kwa kalamu ya risasi, kwa sababu programu ilikuwa imeshasema neno lake. Nilivunja vipindi vyangu mwenyewe, nikajipeleka jioni, nikaiacha maabara wazi mchana. Haikutosha. Shida haikuwa maabara, ilikuwa ukumbi wa mbele, na saa za asubuhi za ukumbi wa mbele zilikuwa zimegawanywa kati ya idara ya elimu na yule dada mwenye mtoto. Idara ya elimu hatukuwa tunasalimiana nao vizuri. Mkuu wetu na mkuu wao walikuwa na ugomvi wa siku nyingi ambao mimi niliukuta. Alibaki dada.

Nilimkuta anakusanya vitu vyake aende nyumbani.

"Dada, naomba tuzungumze. Kipindi chako cha saa nne. Kama ungekihamishia saa tisa..."

Aliweka begi chini. "Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya ratiba."

"Kaka, usinifanye mtoto. Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya Mwalimu."

"Ana sababu gani?"

Niliikunja ratiba niliyokuwa nimeishika.

"Mimi niliulizwa sababu," alisema. "Nilikaa mbele ya mkuu nikaeleza maziwa yangu, nikaeleza mtoto halali bila mimi. Nilieleza mambo ambayo sijamweleza hata mama mkwe. Yeye hakuulizwa kitu, hakujibu kitu, anakosa vipindi, na sasa mimi ndiye wa kuhama. Mnalindana nyinyi wanaume."

"Si hivyo, dada."

"Basi niambie ilivyo."

Alinitazama mpaka nikaona aibu ya kubaki pale, nikaondoka. Jioni ile nilipita mbele ya chumba cha Mwalimu, nikaona dirisha lina giza, nikadhani hayupo. Kisha nikasikia redio inaongea ndani. Nilisimama njiani kwa muda nikitafuta la kumwambia. Sikuligonga lile dirisha.

Jumatano tulikaa kikao. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na joto lilikuwa limerudi, mashati yanatushika migongoni. Mkuu alikaa mbele, bahasha nyeupe imelala mezani karibu na mkono wake. Sote tulijua ni barua ya nani. Mwalimu alikaa karibu na dirisha kama kawaida yake. Dada alikaa mkabala naye.

"Nimeambiwa ratiba inataka kubadilishwa," mkuu alianza, "wakati nimeshaisaini." Akanigeukia. "Eleza."

Nilieleza pendekezo langu. Nilieleza la kwangu kwenda jioni, nikapita haraka juu ya saa nne ya dada, nikasema labda, nikasema kama itawezekana. Nilikuwa najisikia mwenyewe nikipotea.

"Sababu?"

Niliitazama ile bahasha.

"Nimekuuliza sababu. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wamekuja kwangu jana, wanataka kujua kama watahitimu. Wazazi wao wameuza ng'ombe, wengine wameuza mashamba. Nipe sababu nitakayowapa, au ratiba inabaki ilivyo na hii bahasha inakwenda kwa mwenyewe."

"Mkuu," nilisema, "naomba uniamini."

"Kuamini si sababu."

Alinitazama kwa ile namna yake ya kunyamaza. Jasho lilinitiririka mbavuni. Nilijua nikikaa kimya dakika nyingine barua inatoka, na nikisema neno moja nimemuuza mtu aliyenifundisha kuhesabu. Sikuthubutu kutazama dirishani.

Dada akasimama. "Mimi naomba niseme," alisema. Machozi ya hasira yalikuwa yamemlenga. "Nimechoka kuonekana mchoyo. Kama Mwalimu anajiona mkubwa kiasi kwamba hawezi kufundisha jioni kama wenzake, aseme mwenyewe hapa, tumsikie. Anatupita koridoni kama miti. Hata mtoto wangu nilipomleta hapa, kila mtu alimshika, yeye hakumtazama."

Kiti cha Mwalimu kilikwaruza sakafu. Alisimama, mkono mmoja kwenye ukingo wa dirisha.

"Ulimleta lini?" aliuliza.

Dada alishangaa. "Mwezi uliopita. Ulikuwa hapohapo ulipo."

"Alikuwa halii?"

"Alikuwa amelala."

"Ndiyo maana." Aliugeuza uso ilikotoka sauti ya dada. "Binti yangu, mtoto asiyelia mimi sina njia ya kujua kwamba yupo. Macho yangu yamekufa pembeni, na katikati yamebakiza kidogo. Giza likiingia hata hicho kidogo sinacho. Huyu kijana anajua kwa sababu aliniokoa barabarani Mikumi, nami nikamfunga mdomo. Msimsumbue."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo ya maji kwenye saruji, na sauti ile ilikuwa kubwa mno. Dada alikuwa bado amesimama. Kisha akakaa, polepole, na kujifunika uso kwa ncha ya mtandio.

Nilimtazama mkuu. Nilitegemea atasema pole. Alikuwa amekunja uso, kama mtu anayekasirika upya.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza.

"Ningesema, ungenipa saa ngapi?"

"Nisingekupa saa. Ningekupeleka hospitali!" Ndiyo mara pekee niliyomsikia akipandisha sauti. "Siku ya mahafali ulinipita nimekunyooshea mkono. Mwaka mzima nimekuchukia, Mwalimu. Mwaka mzima. Ungeniambia neno moja."

"Ulikuwa umeninyooshea mkono?" alisema Mwalimu, na nadhani hilo lilimuumiza kuliko yote yaliyosemwa siku ile, kwa sababu alikaa chini na hakuongea tena.

Mkuu aliichukua ile bahasha akaitia kwenye mkoba. Alituambia tusiondoke. Akatoka, na kupitia dirishani tulimwona akivuka uwanja kwenye jua kali, bila mwavuli, kuelekea idara ya elimu, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga tangu nifike chuoni. Tulikaa mle tukimsubiri. Aliporudi uso wake ulikuwa haueleweki.

"Jumanne na Alhamisi," aliniambia. "Saa nne hadi saa sita, ukumbi wa mbele. Wao watakwenda ukumbi wa nyuma. Saa ya dada isiguswe. Andika."

Hakutuambia aliwapa nini. Nilikuja kujua baadaye, nilipopita chuoni Jumamosi moja nikakuta maabara yetu imejaa walimu watarajiwa wa idara ya elimu wanajifunza kuchapa, na mkuu wetu mwenyewe amesimama kati yao akiwasimamia, kazi aliyoifanya muhula mzima, kila Jumamosi, bila kumwomba yeyote kati yetu amsaidie.

Wiki hiyohiyo alimchukua Mwalimu kwa gari lake hadi Morogoro. Daktari alisema ni presha ya macho, ambayo imemla kimyakimya kwa miaka. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kinaweza kutunzwa kwa dawa ya matone, kila siku, bila kuruka. Mwalimu alituletea habari hizo kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mtu mwingine. Mimi niliwaza juu ya ile miwani, na miaka aliyoivaa akidhani inamsaidia.

Dada alikasirika nami kwa muda mrefu. "Uliniacha nimseme vile mtu asiyeona," aliniambia. Nilijaribu kumweleza kwamba nilikuwa nimeahidi. Alisema anaelewa, na aliendelea kukasirika, na nadhani vyote viwili vilikuwa kweli. Lakini siku moja nilimwona amesimama mbele ya Mwalimu chini ya paa la koridoni, amemweka mtoto mikononi mwake, na Mwalimu amemsogeza yule mtoto karibu kabisa na uso, anamtazama kipande kwa kipande: jicho, pua, sikio. Mtoto akamshika ndevu.

Aliwafundisha wale vijana muhula mzima. Siku ya kwanza aliwaambia ukweli, nao wakabadilika wenyewe. Wakaacha kunyoosha mikono, wakawa wanaita. Mtu akikwama kwenye programu yake aliisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na darasa zima lilisikiliza. Yule mwakilishi wao aliniambia kwamba hajawahi kuelewa kosa lake mwenyewe mpaka alipolazimika kulitamka. Bado palikuwa na siku mbaya. Mawingu yakiwa mazito alifundisha ameketi, na wakati wa mitihani tulikaa naye kwa zamu kumsomea karatasi za majibu, kazi iliyotuchosha sote na iliyomtia yeye unyonge. Siku moja alinikatiza katikati ya karatasi. "Basi," alisema. "Muhula huu uwe wa mwisho."

Mkuu alimwomba abaki mwaka mmoja zaidi, afundishe kwa mdomo tu, apewe msaidizi. Alishukuru, akakataa, akarudi Ruhembe. Wale wa mwaka wa tatu walihitimu. Waliobaki nyuma walikuwa wachache na sababu zao zilikuwa zao.

Somo la algorithimu nikapewa mimi. Usiku wa kuamkia kipindi cha kwanza sikulala vizuri. Niliingia ukumbi wa mbele nikiwa na michoro mingi ya kuonyesha kwa projekta, nikaongea haraka, nikatoka shati limelowa. Mchana simu ikaita.

"Habari ya darasa?"

"Nzuri, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Niambie ulivyowaeleza."

Nilimweleza yote, tangu mwanzo. Alinisikiliza bila kuniingilia; nilisikia kwa nyuma kuku, na mtu akikata kuni.

"Pale pa kupanga namba kwa kuzigawa nusu kwa nusu," alisema, "umewaambia inavyofanya. Hukuwaambia inasimama lini. Isipojua pa kusimama haitasimama. Alhamisi anza hapo."

Nilichukua kalamu nikaandika.